Kona za Kushoto Tupu

Shingo ya Noé ndiyo iliyomfichua.

Mathilde alikuwa ameikanda shingo hiyo tangu kabla hawajaoana, tangu Noé alipokuwa kijana wa Goma anayeendesha magari madogo ya mbio kwenye viwanja vya Wallonia, naye akiwa mwanafunzi aliyetafuta mtu wa kujifunzia kazi ya kutibu viungo. Sasa alikuwa na chumba chake cha matibabu huko Forest, kusini mwa Brussels, na watu wa mtaa walimwita Maman Kiné, yaani mama mkanda viungo. Mumewe alikuwa dereva wa magari ya mbio ya magurudumu wazi, yale yaliyo membamba kama panzi, magurudumu yote manne yametokeza nje bila kufunikwa na chochote.

Jumapili moja ya Aprili Noé alikuwa amerudi kutoka Hispania, au ndivyo alivyosema. Timu, alieleza, ilikwenda kujaribu gari jipya, kwenye uwanja wenye kona za kila namna. Akajilaza kifudifudi kitandani, akaomba akandwe. Mathilde akaweka vidole. Upande wa kulia wa shingo ulikuwa laini. Upande wa kushoto ulikuwa umekaza kama kamba ya kufungia mzigo. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayesoma neno asiloliamini. Chini ya sikio la kulia akaona wekundu wa ngozi iliyosuguliwa.

Gari likikata kona ya kushoto, kichwa cha dereva huvutwa kulia, na misuli ya kushoto ndiyo inayokizuia. Kona ikiwa ya kulia, huwa kinyume chake. Kwenye uwanja wa kawaida pande zote mbili huchoka. Shingo iliyochoka upande mmoja tu ni ya mtu aliyekata kona za kushoto tupu kutwa nzima, kofia yake ngumu imeegemea mto uliofungwa upande wa kulia wa kiti. Na mtu hukata kona za kushoto tupu mahali pa aina moja tu. Madereva wanapaita ovali: njia ya mviringo ambayo kona zake zimeinuliwa kama kingo za bakuli, gari linapita limelala ubavu, dereva haondoi mguu kwenye mafuta.

"Hispania ilikuwa namna gani?" akauliza.

"Joto."

"Kona hazikukusumbua?"

"Kona ni kona, chérie."

Mathilde akaendelea kukanda, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuondoka chumbani.

Alikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye ovali moja ya Ujerumani, Constant, mtu wa Uvira aliyemfundisha Noé kazi, alikuwa katikati ya kundi la magari yaliyobanana. Gurudumu lake la mbele likaparamia gurudumu la nyuma la mwenzake. Magurudumu wazi mawili yanayozunguka yakigusana, moja hulirusha jingine juu. Gari la Constant likapaa, likaufuata wavu wa kinga uliozunguka njia, na vyuma vya wavu vikafanya vilivyofanya. Alibaki hai. Tangu hapo alitembea kwa magongo mawili, na Mathilde ndiye aliyemtibu kila juma. Kando ya kitanda cha hospitali, mbele ya Mathilde na mbele ya Rukiya, mke wa Constant, Noé aliapa kwamba hatakanyaga ovali yenye kingo maishani mwake.

Mwaka huu shirika la mbio lilikuwa limetangaza kurudi kwenye ovali ileile mwezi wa nane. Noé alimwambia mkewe kwamba amekwisha kuiambia timu itafute mtu mwingine kwa mbio hiyo moja. Alilisema kwa wepesi, akimenya yai. Mathilde sasa aliukumbuka wepesi ule na kuuona mchafu.

Siku mbili baadaye alikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, kusuka nywele kwa Maman Numbi. Maman Numbi alikuwa na mikono myepesi na macho yasiyolala. Akamgawanya nywele, akakohoa.

"Mathilde, haiko mambo yangu."

"Sema tu, Maman."

"Bwana yako, nilimuona hapa Porte de Namur, kwenye ile café ya kona. Alikuwa na mwanamuke. Bon, haiko mambo yangu. Lakini walikuwa wanaongea vichwa karibu, na yule maman alikuwa analia."

"Mwanamke gani?"

"Mutu muzima. Amefunga kitambaa cha kijani, kama wale ba maman wa Buja. Ana alama hapa kwenye kidevu."

Mathilde alimjua mwanamke mmoja tu wa Bujumbura mwenye kovu kidevuni, na huyo alikuwa Rukiya. Akajitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, na akaona aibu kwa wazo lililompitia. Hapana, si hilo. Lakini kama si hilo, ni nini? Ndipo akakumbuka kwamba wiki ileile ambayo Noé alikuwa "Hispania", Constant hakuja kwenye matibabu. Alipiga simu akisema ana homa.

Constant alikuja Alhamisi. Alipoingia, Mathilde alimsaidia kuketi, akamtazama mwangani. Uso wake ulikuwa umebabuka, puani ngozi imeanza kutoka. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mhubiri siku ya pili ya mkutano.

"Homa imekwisha, Tonton?" akauliza; ndivyo alivyomwita, yaani mjomba.

"Imekwisha, mwanangu."

"Na hii sauti?"

"Ni homa hiyohiyo."

"Homa ya siku hizi inababua na ngozi?"

Constant akacheka kidogo, akatazama pembeni. "Nilikaa sana kwenye balcon. Rukiya alinikatalia kulala mchana."

Mathilde aliijua balcon ile, kibaraza cha ghorofani. Ilitazamana na ukuta wa jengo la jirani, na jua halikuwahi kuifikia tangu jengo lijengwe. Akamnyoosha mguu, akamkunja goti, na kila alipomgusa alihisi kwamba mtu huyu, aliyemlilia mikononi alipoanza kujifunza upya kutembea, alikuwa anamdanganya huku akimpa mwili wake amwuguze. Walizungumza habari za mvua. Hakumuuliza zaidi. Mtu ukimwonyesha mapema kwamba unajua, atakwenda kuzibana nyufa.

Siku Constant alipokwenda hospitali kupimwa, Mathilde alipanda ngazi hadi kwao. Rukiya alifungua mlango akiwa na lengalenga mkononi. Hakuonyesha mshangao.

"Karibu. Nilijua utakuja. Nilimwambia Noé: bibi yako ana mikono, atajua tu."

Wakaketi jikoni. Rukiya akaendelea kuchambua mboga.

"Walikwenda wote wawili," akasema. "Kwenye ile ovali. Constant alikaa juu kwenye jukwaa na redio, anamwambia Noé nani yuko ndani, nani yuko nje, wapi pako wazi. Kule kila dereva anapaswa kuwa na mtu kama huyo, maana mwenyewe haoni pembeni. Wanamwita jicho. Noé aliniita Porte de Namur kuniomba ruhusa ya kumpeleka."

"Kwako aliomba ruhusa."

"Eh. Kwangu aliomba."

Neno hilo lilimchoma Mathilde kuliko alivyotegemea. "Na wewe ukampa."

"Nililia, nikampa." Rukiya akanyoosha kidole dirishani, kule ambako kiwanda cha magari kilikuwa kimefungwa na malango yake yamekaa kimya. "Miaka yote hii anakaa hapa anatazama kile kiwanda, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Aliporudi kutoka kule alikula akamaliza sahani. Sikudanganyi. Alimaliza sahani, akaomba tena."

"Nani alianza? Noé alimwita, au yeye alimwita Noé?"

Rukiya akasimama, akaifungulia maji mboga. "Hilo muulize mwenyewe," akasema bila kugeuka.

Mathilde akateremka ngazi akiwa na wazo jipya, baya kuliko yote yaliyotangulia. Muda wote alikuwa amemshuku mumewe. Hakuwa amefikiri kwamba yule aliyevunjwa na ovali ndiye angeweza kuwa aliyemvuta mwenziwe airudie.

Jumamosi aliwaalika Constant na Rukiya mchana. Alipika fufu, sombe na samaki, akatandika kitambaa kizuri. Noé alifurahi kuona meza. Furaha yake ilikuwa ya mtu anayedhani amepona. Walipokwisha kunawa, Mathilde akasema, kwa sauti ileile aliyowaulizia wagonjwa wanaumwa wapi:

"Tonton Constant, wewe ndiye uliyempigia Noé simu, au yeye ndiye aliyekupigia?"

Mkono wa Noé ukasimama juu ya fufu. Constant akamtazama Rukiya, Rukiya akatazama samaki.

"Mimi," akasema Constant. "Nilisikia kwamba amekataa. Nikampigia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu timu isingempa kiti cha dereva mwaka ujao. Na kwa sababu..." Akaanza upya. "Donc, na kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kwenda. Sitakuficha."

"Wiki zote hizi nakushika mguu, unanificha."

"Nilikuficha. Sasa sikufichi."

Noé akaingilia. "Mathi, sikiliza. Watu wanakufa kwenye viwanja vya kawaida pia. Kuta za ovali siku hizi zimewekewa kitu laini, wavu umebadilishwa."

"Ukuta umelainishwa, sawa. Na gurudumu, nani amelifunika? Yale magari ya Wamarekani yenye bodi yakigusana yanakwaruzana rangi. Lako likigusana linaruka."

"Kweli," akasema Constant, na wote wakamgeukia, maana hawakutegemea. "Ni kweli anachosema. Lakini si ovali iliyonivunja, mwanangu. Kilichonivunja ni msongamano. Kona ikiinuka sana, na mabawa ya gari yakiligandamiza sana chini, hakuna dereva anayeondoa mguu. Wote wana mwendo mmoja, hakuna anayeachwa nyuma, mnakaa kama mbuzi wanaogombania mlango wa zizi. Wapunguze mabawa. Gari liteleze kidogo, dereva alazimike kutumia akili, watatawanyika wenyewe. Hapo ovali ni mchezo mzuri kuliko yote. Mimi ningerudi leo."

"Na wamepunguza hayo mabawa?"

Noé ndiye aliyesema, "Wamesema watapunguza."

"Kwenye majaribio mlikuwa na mabawa gani?"

"Ya zamani."

Mathilde akasukuma kiti nyuma. Kwa siku kadhaa alikuwa amemwona Noé akigusa ukuta anapotoka bafuni, kidogo tu, kama mtu anayeusalimu. Hilo hakulisema kwa mtu. "Simama, Noé. Hapa katikati. Miguu pamoja. Mikono chini. Funga macho."

"Mbele ya chakula?"

"Funga macho."

Akafunga. Kwa kitambo alisimama sawasawa. Kisha bega lake la kushoto likaanza kushuka, taratibu, na mwili wote ukalifuata; akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha meza, na bakuli la pilipili likaanguka. Rukiya akasema "Ya Allah" kwa sauti ndogo.

Noé akaketi sakafuni hapohapo. Hakuna aliyemcheka.

"Ilianza lini?" akauliza Mathilde.

"Siku ya pili ya majaribio." Alikuwa akizungumza na mikono yake. "Kwenye zile kingo unagandamizwa kwenye kiti, damu yote inakwenda miguuni. Mizunguko ya kwanza si kitu. Baadaye nilianza kuona kama njia imenyooka na mbingu ndiyo iliyopinda. Nilipotoka garini ardhi ilikuwa imelala upande. Nikainama, nikawaambia nafunga kamba za kiatu."

"Nilikuuliza kwenye redio," akasema Constant. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuona unapanda juu kuelekea ukutani, nikakuuliza kama uko sawa. Ukasema bien."

"Ningesema ukweli ungewaambia timu."

"Mimi?"

"Ndiyo, Tonton, wewe. Ningejuaje kwamba usingetafuta dereva mwingine? Ulitaka kukaa kwenye lile jukwaa kuliko unavyotaka kutembea."

Constant alivuta magongo yake, akayaweka sawa magotini, ingawa hakuwa anaondoka. "Bon," akasema hatimaye. "Mimi siwezi kuwa jicho la muntu anayenificha anachokiona yeye. Tafuta mwingine, ao usiende."

Walimaliza chakula, maana chakula hakitupwi, lakini hakuna aliyekumbuka ladha yake.

Mwezi wa sita madereva wote waliitwa mkutanoni Brussels, kwenye hoteli moja karibu na Gare du Nord, kati ya yale majengo marefu ya ofisi. Wenye mbio walitaka kusikia kama wote wako tayari. Mathilde alimsindikiza mumewe, akabaki kwenye mkahawa wa stesheni akitazama watu wanaokimbilia treni. Alijiuliza kama Noé angesema kweli. Alijiuliza pia, na hilo lilimsikitisha, kama angeweza kujua akisema uongo.

Noé alirudi koti likiwa begani.

"Nilisema," akasema akiketi. "Kizunguzungu, mbingu kupinda, vyote. Walinitazama kama mtu aliyetapika mezani."

"Hakuna aliyekuunga mkono?"

"Mholanzi mmoja alinyanyua mkono, akasema na yeye alihisi hivyo. Wengine waliangalia simu zao." Akachukua kikombe cha mkewe, akanywa. "Lakini tulipotoka, kwenye ngazi, mmoja akanishika mkono kwa nguvu bila kusema kitu. Kisha mwingine. Walihisi, Mathi. Karibu wote walihisi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenziwe aseme ili achukue kiti chake."

Mabawa yalipunguzwa kidogo. Kidogo kiasi gani, hakuna aliyekubali kusema waziwazi. Mbio hazikufutwa. Timu ilimweka Noé kando kwa ushauri wa daktari, na kiti akapewa Mansour, kijana mwepesi wa Anderlecht aliyekuwa akikitazama kwa muda mrefu.

Siku ya mbio walikaa wawili mbele ya televisheni, mapazia yameshushwa kwa ajili ya jua. Mathilde hakutaka kutazama, wala hakutaka Noé atazame peke yake. Magari yalipozunguka mara za kwanza, kamera ikapanda juu ya jukwaa ambako watu wa redio walikuwa wamesimama kwa mstari. Mmoja wao hakusimama. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, vipokea sauti masikioni, fulana ya timu mwilini, magongo mawili yameegemezwa kwenye vyuma vya ukingo.

Mathilde akamtazama Noé. Noé alikuwa akitazama skrini, uso mtupu.

"Ulijua?"

"Hapana," akasema. Labda ni kweli.

Saa ile yote Mathilde aliirudia ile Jumamosi kichwani. Alimwona Constant akisema tafuta mwingine ao usiende, na akajiuliza kama mzee yule alisema hivyo kumlinda Noé, au alikuwa amekwisha kuona kwamba dereva anayeyumba atamnyima jukwaa lake. Na yeye mwenyewe, aliyemsimamisha mumewe katikati ya chumba, afunge macho mbele ya watu, alikuwa ametaka nini hasa?

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyechechemea. Magari yalitawanyika kama Constant alivyosema yangetawanyika, yakabanana tena mwishoni, na Mansour akamaliza wa tatu, akapanda jukwaa la washindi akicheka na chupa mkononi. Noé akazima televisheni.

"Umeona," akasema taratibu. "Wote wamerudi nyumbani."

Alilisema bila hasira. Lakini Mathilde, aliyejua kusoma mgongo wa mtu hata kupitia koti, hakuweza kuisoma sauti ile, kama ilikuwa ya shukrani au ya lawama, na hakuthubutu kuuliza.

Constant alikuja kwenye matibabu wiki iliyofuata, amebabuka tena. Safari hii hakutaja homa. Mathilde alimlaza, akashika goti.

"Ulisema huwezi, Tonton."

"Nilisema siwezi kuwa jicho la muntu anayeficha. Mansour hafichi kitu. Ule mutoto hata akijikuna anakuambia kwenye redio." Akafumba macho. "Sikusema kamwe kwamba mbio zisiwepo, Mathilde. Wewe ndiye uliyesikia hivyo."

Mathilde aliukunja mguu, akaunyoosha. Dirishani tramu ilipita.

"Lakini nitakuambia kitu," akaendelea Constant, na sasa alizungumza chini. "Katikati ya mbio, televisheni ikiwa kwenye matangazo ya biashara, Mansour aligusa gurudumu la mtu. Gari liliinuka mbele. Niliona chini yake, mwanangu. Mtu hapaswi kuona chini ya gari likiwa kwenye mwendo ule. Nilikuwa na kidole kwenye kitufe cha redio, na sikupata neno hata moja. Kisha likarudi chini, limenyooka, likaendelea. Yeye mwenyewe alicheka."

Mathilde aliacha mkono juu ya goti. "Na sasa unasemaje? Warudi kule mwakani?"

"Kabla ya siku ile ningekuambia ndiyo kabla hujamaliza kuuliza." Akafungua macho. "Usimwambie Noé. Ataona kama ninamtafutia faraja."

Mathilde hakuahidi. Njiani kwenda nyumbani aliamua kwamba atamwambia; alikuwa amechoka na nyumba ambamo kila mtu ana kitu chini ya ulimi. Alimkuta Noé jikoni akimenya makemba, ndizi za kukaanga. Akamweleza yote: matangazo, gurudumu, gari lililoinuka, kidole cha mzee kwenye kitufe. Noé alisikiliza bila kuacha kisu.

"Najua," akasema. "Alinipigia."

"Lini?"

"Jioni ileile, akiwa bado uwanjani. Alikuwa analia."

Mathilde akasimama mlangoni, mkoba ungali begani. "Na mimi ameniomba nisikuambie."

"Na mimi aliniomba nisikuambie wewe."

"Kitu gani kingine mnaambiana kwenye hizo simu?"

Noé akakata kemba vipande, akavitia kwenye maji ya chumvi kimoja kimoja. "Timu ndogo ya Ufaransa imenitaka kwa mwakani," akasema. "Viwanja vya kawaida tu. Nilikuwa nangoja wahakikishe ndipo nikuambie."

Mathilde akavua koti. Alikuwa na maswali ya kuuliza juu ya timu hiyo, viwanja vipi, nani mwenye timu, na akayauliza yote, moja baada ya jingine, mafuta yakipata moto.